Bi Hapana na Karatasi ya Kwanza

Kiwandani kwetu wifi yangu anaitwa Bi Hapana. Jina hilo wapiga chapa walimpa kwa kumkejeli, naye akalipokea kama mtu anayepokea vazi alilokuwa akilitamani siku zote. Siku hizi akipiga simu getini husema mwenyewe, "Bi Hapana hapa, fungua." Ni dada wa marehemu mume wangu, kitinda mimba wa nyumba yao. Naandika habari zake kwa sababu yapo maneno yanayozungushwa, tena na watu wa damu, kwamba alikataa mitambo mizuri kwa ukaidi wake, akamfukuza mgeni aliyekuja kwa heri, na kuiacha kazi ya marehemu itegemee kitu cha kuokota. Maneno hayo nimeyasikia harusini na nimeyasikia msibani. Sasa na mimi nina la kusema, na nitalisema kwa maandishi, maana maneno ya mdomo hupinda kadiri yanavyosafiri.

Kiwanda chetu ni cha uchapaji. Tunachapa vitabu vya shule, kalenda, kadi na vitu vingine vya kuendesha maisha, lakini kilichotupa jina ni vyeti. Vyuo hutuletea kazi hiyo vikipita milango ya wachapaji wengine wenye mitambo mikubwa kuliko yetu. Kila cheti kina namba yake, na namba hiyo hairudiwi. Mume wangu alizoea kusema kwamba cheti ni karatasi tu kama karatasi nyingine, na kinachokifanya kiwe cheti ni kwamba duniani hakuna mwenzake mwenye namba ile. Siku vyeti viwili vyenye namba moja vitakapotoka mlangoni kwetu, tuufunge mlango huo, tubandue na jina lililo juu yake.

Ndiyo maana tuna desturi ya karatasi ya kwanza. Kazi yoyote ikianza, karatasi ya kwanza kutoka kwenye mashine hutundikwa kwenye uzi kando ya dirisha, na mtu ambaye hakuipanga huisoma ikiwa kichwa chini, miguu juu. Jicho likisoma wima huona linachotarajia. Likisoma kichwa chini huona kilichopo. Akiridhika, huandika "Safi" pembeni na kutia sahihi, ndipo kazi iendelee. Hakuna aliye juu ya desturi hiyo. Mkuu wa chuo aliwahi kukaa kwenye benchi letu akigonga gonga saa yake, akasubiri karatasi isomwe kichwa chini, kisha akaondoka na vyeti vyake na adabu yake.

Tuna majengo mawili yanayotazamana, na uwanja wa saruji katikati. Jengo la zamani lina chumba chake cha kuchapa na uzi wake, na jengo jipya hali kadhalika. Katika kila jengo mume wangu aliweka seva moja, yaani ile kompyuta isiyo na mtu mbele yake ambayo kazi yake ni kuzihudumia nyingine. Aliogopa moto: jengo moja likiungua, la pili libaki na kila kitu. Waya uliounganisha seva hizo ulipita chini ya uwanja, na kiungio chake kilikuwa katikati, ndani ya shimo dogo lenye mfuniko.

Wifi yangu alikwenda kusomea kompyuta wakati ndugu zake wakiamini anakwenda kusomea kupiga taipu. Aliporudi na shahada yake, kaka yao mkubwa alimpa meza ya mapokezi na kumwambia apokee simu vizuri. Alizipokea vizuri. Alipozichoka, aliingia chumba cha seva bila kuulizwa, akakifagia, akavuta kiti, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumtoa. Hakuolewa. Wanaotaka kujua kwa nini waendelee kutaka.

Mume wangu alipofariki, hisa za kiwanda ziligawika kwa watatu: kaka mkubwa, ambaye kwangu ni shemeji na ndiye mwenyekiti, Bi Hapana, na mimi, ninayekalia kiti cha marehemu. Ofisi yangu iko ghorofani katika jengo jipya, na kompyuta yake ya mezani bado ipo palepale alipoiacha.

Basi ikafika siku programu inayosimamia zile seva ikawa imezeeka, na waliotuuzia hawaitunzi tena. Nieleze programu hiyo ni ya nini, maana wengi wanaomsema wifi yangu hawajui hata alikataa nini. Fikiria nyumba moja yenye vyumba vya kupangisha. Kila mpangaji ana mlango wake, na hajui jirani anapika nini. Nyumba ndiyo seva. Wapangaji ni mashine pepe: moja inatunza kurasa za vitabu, moja inaendesha hesabu, moja inatoa namba za vyeti. Hazishikiki kwa mkono, lakini kila moja inajiona ni kompyuta kamili. Sasa lazima awepo msimamizi wa kugawa vyumba, na nyumba hii ikiporomoka, awahamishie wapangaji nyumba ya pili kabla hawajanyeshewa. Msimamizi huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta.

Shemeji alimtafuta kwa njia yake. Alimleta wakala mmoja aliyevaa vizuri kiasi kwamba wapiga chapa walimwita Mtanashati kabla hajavuka uwanja. Tulikaa ofisini kwa shemeji, chai ikaletwa, na Mtanashati akafungua kompyuta yake yenye picha nzuri nzuri.

"Hii yetu, dada," alisema, "inatumiwa na mabenki."

"Mabenki yana namba zao, na sisi tuna zetu," Bi Hapana alijibu. "Nywila kuu itakaa kwa nani?"

"Kwetu. Tutaisimamia kutoka ofisini kwetu, ninyi msisumbuke."

"Mimi napenda kusumbuka."

Shemeji alitoa kicheko cha puani. "Umeanza."

"Sijaanza, kaka. Nimeendelea."

"Haya, tuambie ya kwako."

Ya kwake ilikuwa programu ya bure. Imeandikwa na watu wengi, iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma ndani, na ukitaka msaada unaulipia msaada, hulipii jina. Alikuwa ameiendesha kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza yake kwa muda mrefu, akiiharibu makusudi na kuirudisha, kama mtu anayempima farasi kabla ya kumnunua.

"Cha bure, mdogo wangu, humtokea mtu puani," alisema shemeji. "Unataka watu waseme tumefilisika? Kiwanda cha baba yetu kinaokota vitu?"

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema Bi Hapana, akivitazama viatu vya Mtanashati, ambavyo kweli vilikuwa vimetembea.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mgeni ni mgeni.

Shemeji aliweka kikombe chini. Alisema atasaini mkataba Ijumaa. Chumba cha seva kitasimamiwa na watu wa Mtanashati, na Bi Hapana atarudi mapokezi, ambako, kwa maneno yake, wateja walimkumbuka. Nilimtazama wifi yangu. Hakuinua sauti.

"Saini, kaka. Wewe ndiye mwenyekiti. Lakini nyumba hii haichapi kitu bila karatasi ya kwanza. Vyeti vya vyuo vinakuja, na huyu msimamizi ndiye atakayemshika mkono mtoa namba. Basi na yeye atoe karatasi yake ya kwanza. Wake na wangu, kwenye seva zilezile."

Hapo shemeji hakuwa na pa kupita. Sheria ile ni ya baba yao, na yeye ndiye anayeipigia kelele kuliko wote.

"Jaribio lenyewe ni lipi?" aliuliza Mtanashati.

"Nitang'oa waya wa uwanjani."

"Kwa nini ung'oke?"

"Kwa sababu ulishang'oka. Fundi bomba aliukata kwa sururu akitafuta mtaro. Hapa mtaro unatafutwa kila mvua zikizidi."

Mtanashati alikuwa wa kwanza. Aliweka programu yake kwenye seva zote mbili, akasema mbili zinatosha kabisa, kila moja itakuwa na nakala ya mwenzake. Wafanyakazi walikusanyika. Katika jengo la zamani alisimama mpiga chapa mkuu, tunayemwita Wino kwa sababu vidole vyake havijatakata tangu ujana. Katika jengo jipya alikuwapo msoma prufu wetu, mwanamke mkali anayejulikana kwa jina la Miwani. Bi Hapana akang'oa waya, akapaza sauti kutoka uwanjani:

"Anzeni kazi mpya! Vyeti vya majaribio!"

Mashine za majengo yote mawili zikanguruma. Hakuna taa iliyopepesa. Karatasi za kwanza zikatoka, Wino akaitundika yake kwenye uzi wake, Miwani akaitundika ya kwake. Zikasomwa kichwa chini, zikaandikwa "Safi" na kutiwa sahihi. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Shemeji alimshika Mtanashati mkono kwa mikono yake miwili, kama bwana harusi anayeshukuru wakwe.

Bi Hapana aliurudisha waya, akaifuta ile kazi ya majaribio, akasema, "Kesho yangu."

Kesho yake wafanyakazi walikuja na uso wa watu wanaokwenda kutazama mpira. Seva zilezile, waya uleule, kazi ileile. Aliung'oa waya, akapaza sauti, "Anzeni!"

Kimya.

Mashine ya jengo la zamani ilisimama. Ya jengo jipya ilisimama. Ulisikia mpaka feni za dari. Kisha Wino akatoa kichwa dirishani.

"Bi Hapana! Mashine yako nayo imesema hapana!"

Walicheka mpaka mlinzi akaacha geti akaja kuuliza kuna nini. Nami, nisifiche, moyo ulinishuka. Sikujali waya wala seva. Nilijali kuona jina la nyumba yangu likichekwa uwanjani. Mtanashati alikuwa na adabu ya kutazama pembeni. Shemeji alikwenda kwenye skrini, akasoma kwa sauti maneno yaliyokuwa yameandikwa pale, kwamba kura hazitoshi na kwa hiyo hakuna kitakachoandikwa.

"Kura hazitoshi," alirudia. "Kwani inagombea ubunge? Basi, mdogo wangu. Umejionea."

"Nimejionea, kaka. Sasa naomba karatasi za jana."

"Za jana zilikuwa safi. Zimetiwa sahihi."

"Ndiyo. Naomba tu zikae pamoja. Wino, fungua yako uje nayo. Miwani, lete na yako."

Hapa ndipo penye jambo ambalo halingetokea kwingine ila kwetu. Desturi yetu ni nzuri, lakini kila jengo lina uzi wake na msomaji wake, na tangu jengo la pili lijengwe hakuna aliyewahi kuvuka uwanja na karatasi mkononi. Kila mtu aliisoma ya kwake, akaridhika. Wino alikuja akiipeperusha. Miwani alikuja akiifuta vumbi lisilokuwepo. Wakasimama mbele ya shemeji.

"Someni namba," alisema Bi Hapana.

Miwani akaigeuza kichwa chini kwa mazoea, akaisoma. Wino akasoma papo hapo.

"Subiri, Wino, nasoma yangu," alisema Miwani.

"Na mimi nasoma yangu."

"Umesoma yangu."

"Mama, mimi yako siioni, miwani unayo wewe!"

Shemeji alizichukua zote mbili. Alizitazama wima. Akazigeuza, akazitazama kichwa chini. Akaiendea nuru ya uwanja akaziweka moja juu ya nyingine, kama tunavyofanya kupima kama chapa imekaa sawa. Ilikaa sawa. Vyeti viwili, namba moja, na kila kimoja kina neno "Safi" na sahihi.



Bi Hapana alieleza bila kumtazama mtu usoni. Waya ulipong'oka, kila seva iliona mwenzake haonekani. Kila moja ikasema: mwenzangu amekufa, nyumba ni yangu. Kila moja ikamwamsha mtoa namba wake, na wote wawili wakaendelea kuhesabu kutoka palepale walipoachwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikaa, tena kwa amani, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake. Ile ya leo iliona mwenzake haonekani, ikajiuliza: je, nina hakika? Katika wawili, mmoja si wengi. Ikakosa hakika, ikasimama.

"Lakini hilo linarekebishika," alisema Mtanashati. Nimpe haki yake, hakubabaika. "Tunaongeza shahidi, mashine ya tatu ya kutoa kura. Programu yetu inaweza. Ni leseni nyingine tu."

"Najua inaweza. Programu yako si mbaya," alisema Bi Hapana. "Nauliza, ulikuwa unajua?"

Alivuta mkono wa shati lake. "Wateja wengi hawaulizi."

"Wengi hawachapi vyeti."

Tulipanda ofisini kwangu, sisi watatu wenye hisa. Mtanashati tulimwachia chai chini, pamoja na Wino, aliyekuwa akimuuliza bei ya viatu. Shemeji hakukaa. Si mjinga, na asitokee mtu wa kusema nimemwandika hivyo. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa ileile yangu.

"Aongeze huyo shahidi, tusaini," alisema. "Kikiharibika, nina mtu wa kumlaumu. Hiki chako cha bure kikiharibika nimlaumu nani?"

"Mimi."

"Wewe ni dada yangu."

"Ndiyo maana. Yeye akikosea atatuma barua ya kuomba radhi. Mimi nikikosea, jina nitakaloliharibu ndilo ninalolitumia. Halafu, kaka, jana ulimshukuru kwa mikono miwili. Mtu aliyeshika nywila ya mtoa namba, na hakukuambia alichokijua mpaka ulipokishika mkononi mwako. Utalala?"

Shemeji alinigeukia. "Shemeji, wewe umesoma, na unajua heshima ni nini. Utakubali jina la marehemu likae juu ya kitu cha bure? Watasema."

Watasema. Kweli wamesema, na bado wanasema. Kura yake ilikuwa moja, ya dada yake moja, na yangu ilikuwa bado mkononi.

"Shemeji," nilimwambia, "jana kitu cha ghali kilitudanganya, na sisi tukakipigia makofi. Leo cha bure kimenyamaza mbele ya watu wanaokicheka, kwa sababu hakikuwa na hakika. Mimi nilikuwa nimeolewa na mtu wa namna hiyo. Ningemjua popote."

Alitazama kiti nilichokalia, kiti cha ndugu yake. Kisha akasema, "Basi huyo shahidi wa tatu mnamtoa wapi? Au naye mtamwokota?"

Bi Hapana alinyoosha kidole kwenye kompyuta ya marehemu, pale mezani kwangu. Shahidi habebi mpangaji, alisema. Kazi yake ni kukaa, kuwatazama wawili, na kutoa kura. Hahitaji nguvu, anahitaji kuwa macho.

Aliiweka programu yake, na kompyuta ile ikapewa kura. Mtanashati hakufukuzwa, kama wanavyosema. Aliondoka kwa miguu yake akiwa ameshiba, na mpaka leo ndiye anayetuuzia diski za akiba, kwa sababu diski zake ni nzuri. Watu wa kusema wamuulize mwenyewe.

Asubuhi moja kabla ya kazi ya vyeti kuanza, nikiwa dirishani, nilimwona shemeji uwanjani, amekunja mikono ya shati. Hakumwambia mtu. Aliinama, akaung'oa waya kwa mkono wake, akapaza sauti kwa ukali wa baba yake: "Anzeni!"

Jengo la zamani likanyamaza. Chini yangu, mashine ya jengo jipya ilisita kidogo, kiasi cha mtu kunywa maji, kisha ikanguruma: seva ya huku na shahidi wa mezani kwangu walikuwa kura mbili. Wino akatoa kichwa dirishani.

"Mwenyekiti, huku kumekufa!"

"Kuache kufe!" alijibu shemeji. "Njoo huku na uzi wako!"

Wino alivuka uwanja na uzi mkononi. Shemeji aliufunga kwenye uzi wa Miwani, akaurefusha mpaka ukavuka madirisha yote ya chumba, akatundika karatasi ya kwanza katikati. Aliinamisha shingo akaisoma kichwa chini, taratibu, mpaka kwenye namba. Kisha akaichukua kalamu ya Miwani na kuandika mwenyewe. Tangu siku hiyo karatasi za majengo yote mawili hutundikwa uzi mmoja, na vyeti vya vyuo vilitoka mlangoni kwetu bila namba hata moja kurudiwa. Bi Hapana hajarudi mapokezi.

Hivi karibuni tulikuwa harusini, yeye na mimi meza moja, na shangazi yake mmoja, mwenye sauti ya kufika meza ya tatu, akamuuliza kama ni kweli kiwanda cha kaka yake kinaendeshwa na kitu cha bure.

"Kweli kabisa, shangazi."

"Mbele za watu wote hawa unakiri. Na huoni haya?"

Wifi yangu alimalizia kutafuna, akafuta mdomo, akamtazama.

"Hapana," alisema.